Maswali ya historia na marafiki mtandaoni: maandishi, sauti, Telegram, Kahoot au simu ya video?

Swali lilikuwa fupi: nchi yetu ilianza kuitwa Tanzania lini? Ndani ya dakika mbili watu saba walikuwa wameshajibu, na wote saba waliandika 26 Aprili 1964. Aliyeuliza, rafiki yetu wa Tanga, akasubiri mpaka wa nane naye akaandika vivyo hivyo, ndipo akatoa jibu: 29 Oktoba 1964. Aprili ile ilizaliwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, na kwa miezi sita nchi ilibeba jina hilo refu. Hapo kundi likawaka. Mmoja akasema haiwezekani. Mwingine akauliza, basi Sikukuu ya Muungano huwa tunasherehekea nini? Wa tatu akaenda kufungua albamu ya stempu ya marehemu baba yake, akarudi na picha: stempu ya mwaka 1964, jina la nchi limeandikwa Tanganyika na Zanzibar, neno Tanzania hulioni hata kwa dawa. Tulilala saa saba usiku.

Majuma mawili baadaye nililikuta swali lilelile kwenye mchezo wa Kahoot wa kundi jingine. Sekunde 20, majibu manne, rangi nne. Wengi walikosa, alama zikaonyeshwa, likaja swali linalofuata. Hakuna aliyebisha wala aliyeuliza kwa nini. Ulikuwa mchezo mzuri na watu walifurahi, lakini sina shaka kwamba ukiwauliza leo, wengi watakurudishia 26 Aprili.

Tangu hapo, mtu akitaka nimshauri njia ya kuulizana maswali ya historia na rafiki zake, nami humuuliza: mnataka nini kitokee jibu likishatoka? Kama mnataka ubishi, visa na ushahidi, ipo njia yake. Kama mnataka mbio na mshindi, ipo yake pia. Nimecheza kwa njia zote tano nilizozitaja hapo juu, pamoja na watu wa Tanga, Mombasa, Iringa, Muscat, na mmoja aliyehamia Minneapolis. Naeleza kila moja inafaa wapi na inakwama wapi.

Maandishi kwenye kundi la WhatsApp

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba watu wameshafika. Huhitaji kumwomba mtu apakue programu, ajisajili wala akumbuke nywila. Bando linaloliwa ni dogo mno. Hata mwenye MB chache za mwisho wa siku anaweza kushiriki. Na swali halina haraka. Ukilituma saa tatu usiku Dar es Salaam, Muscat ni saa nne usiku, na Minneapolis ni saa saba mchana, au saa sita wakati wa baridi wanaporudisha saa zao nyuma. Kila mmoja atalikuta kwa wakati wake. Picha nazo zinapita vizuri: ile stempu ndiyo iliyomaliza ubishi wetu, na isingepata nafasi kwenye mchezo wa sekunde 20.

Matatizo yapo matatu. La kwanza, jibu la kwanza huua swali. Mtu mmoja mwepesi akishaandika, wengine hawana tena cha kufikiri, wanabaki kuweka dole gumba. La pili, ujumbe wa WhatsApp unaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15. Kunatokea alama ndogo ya kuonyesha kwamba umehaririwa, lakini nani anaiangalia? Nimewahi kushuhudia mwaka 1889 ukigeuka 1888 mbele ya macho yangu, na mwenye nao akidai alama. La tatu ni kuzama. Kundi la marafiki lina misiba, michango ya harusi, salamu za asubuhi na video za kuchekesha. Swali la saa tatu likifika saa tano limeshafunikwa na jumbe sitini.

Dawa tuliyoiona inafanya kazi: majibu yote yaende kwa aliyeuliza, kwenye faragha yake, mpaka saa fulani iliyotajwa. Saa ikifika anaweka majibu yote kundini kwa pamoja, na majina ya waliojibu. Inampa kazi ya ziada, ndiyo, lakini kila mtu amefikiri kwa kichwa chake. Kama maswali yatakuwa ya kila siku, fungueni kundi la pembeni la maswali tu. Wasiopenda historia watawashukuru.

Kura za WhatsApp sizipendekezi kwa maswali yenye jibu moja. Unaweza kuweka machaguo hadi 12, lakini kwa kawaida kila mtu anaona nani kachagua nini, na aliyepiga kura anaweza kuibadilisha. Matokeo yake watu wanamwangalia anayejua na kumfuata. Zinafaa kwa maswali ya maoni tu, mfano: kati ya Azimio la Arusha na reli ya TAZARA, kipi kilibadilisha zaidi maisha ya babu yako?

Ujumbe wa sauti

Kwa historia, hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, na asili yake ni ya zamani kuliko simu. Tumelelewa na vitendawili. Mmoja anasema "Kitendawili!", wenzake wanaitika "Tega!", anatega, wanajaribu, wakishindwa anadai mji, anapewa, ndipo anafumbua. Sisi tuliuhamisha utaratibu huo kama ulivyo kwenye sauti za WhatsApp, tukaongeza sharti moja: mji wowote atakaopewa, mtegaji lazima aseme jambo moja la kweli la historia ya mji huo kabla hajatoa jibu.

Jumamosi moja mwalimu mstaafu wa Iringa, ambaye wote tunamwita Mwalimu tu, alituma sauti ya sekunde mbili: "Kitendawili!" Zikaingia "Tega!" sita mfululizo, moja ikitoka jikoni, nyingine ndani ya gari. Akatega: "Mimi ni fuvu. Nimetajwa kwenye mkataba wa amani wa Ulaya, kifungu cha 246. Ni la nani mimi, na nilifikaje kwenye karatasi za Wazungu?"

Kaka wa Mombasa akajaribu: "Shikamoo Mwalimu. Huyo si Kinjekitile?"

"Marahaba. Siye."

Dada wa Muscat: "Abushiri, Mwalimu?"

"Hapana, mwanangu. Abushiri alinyongwa Pangani mwaka 1889, lakini kwenye mkataba huo hayumo. Haya, nipeni mji."

"Tumekupa Kilwa."

"Nilikwenda Kilwa, nikaambiwa Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, akauhesabu kati ya miji mizuri aliyoiona. Nikala, nikanywa. Sasa sikilizeni."

Akatuma sauti ya dakika nne, mvua ikipiga bati nyuma yake. Akaeleza jinsi Wahehe walivyolishinda jeshi la Wajerumani pale Lugalo, Agosti 1891, na kamanda wao Emil von Zelewski akauawa. Jinsi Mkwawa alivyowindwa miaka saba, mpaka mwaka 1898 akajiua asikamatwe hai, na kichwa chake kikachukuliwa. Jinsi Waingereza, vita kuu ya kwanza ilipokwisha, walivyoingiza dai la fuvu lake kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kipengele kimoja katikati ya mambo ya mipaka na fidia za mataifa makubwa. Na jinsi lilivyorudi mwaka 1954, likaletwa na Gavana Edward Twining mwenyewe, likawekwa Kalenga. Aliposema "Kalenga" sauti yake ilishuka, maana ni karibu na kwao. Maandishi yasingetupa hilo.

Kuna faida nyingine ambayo watu hawaifikirii. Swali la sauti haliwezi kunakiliwa na kubandikwa kwenye kisanduku cha kutafutia. Anayetaka kugugo atakaa aandike mwenyewe, na wengi uvivu huo unatosha kuwazuia. Tena wazee wetu, ambao kuchapa herufi kwenye kioo kunawachosha macho, kwenye sauti ndipo wanapotamba.

Ubaya wake ni urefu. Mtu akipewa kinasa sauti hukumbuka na mambo ya shule ya msingi. Aliye kwenye daladala bila spika za masikioni, au ofisini, hawezi kusikiliza, na akifika nyumbani anakuta sauti kumi na moja zimemsubiri. Kuongeza kasi ya usikilizaji mara mbili kunasaidia, ila kunaua utamu. Na sauti haitafutiki: miezi mitatu baadaye ukitaka kujua Mwalimu alisema mwaka gani, utasikiliza zote. Kwa hiyo kwetu swali halizidi nusu dakika, jibu halizidi dakika nne, na mtegaji akishamaliza anaandika mstari mmoja wenye jina, mahali na mwaka.

Maswali ya Telegram

Tangu Januari 2020 Telegram ina kura za aina ya chemsha bongo: unaandika swali, unaweka machaguo, unaonyesha lipi ni sahihi. Mtu akigusa jibu hawezi kulibadilisha, na haoni wenzake wamechagua nini mpaka naye achague. Akipatia, kioo kinamwagika vipande vya rangi. Akikosa, anaweza kusoma maelezo mafupi uliyoyaweka. Kuna pia roboti ya maswali inayokuwezesha kupanga mfululizo wa maswali, kuweka muda wa kila swali, na mwishoni kupata orodha ya nani kaongoza.

Kwa mtu anayeandaa wanafunzi, au kundi la watu mia mbili wasiojuana vizuri, sioni kinachoishinda. Hakuna wa kuhesabu alama kwa daftari, hakuna wa kulalamika kwamba alijibu kwanza. Na yale maelezo mafupi ni hazina kama utayaandika kwa moyo. Wengi huyaacha wazi, jambo linalonisikitisha, kwa sababu hapo ndipo pekee ambapo mchezo huu unaweza kufundisha kitu.

Lakini mfumo huu unadai jibu moja lililo wazi, na historia haikubali hivyo kila mara. Uliza vita vya Uingereza na Zanzibar vya 27 Agosti 1896 vilichukua dakika ngapi. Weka 38, 40 na 45, kisha chagua moja kuwa sahihi. Umeshaanzisha ugomvi, kwa kuwa hesabu inategemea unaanza kuhesabu wapi na unaishia risasi ipi, na zote tatu zimeandikwa na watu wa maana. Au uliza Seyyid Said alihamishia makao yake Unguja mwaka gani: kuna vitabu vinavyosema 1832, kuna vinavyosema 1840, kwa kuwa kuhama kwenyewe hakukuwa kwa siku moja. Kwenye maandishi au sauti, swali kama hilo ni chakula cha usiku mzima. Kwenye kura ni dhuluma kwa nusu ya waliojibu.

Tatizo la pili ni la kawaida kabisa. Katika watu kumi na tano wa kundi letu, tulipoalikana Telegram walikuja sita. Wengine hawakutaka programu nyingine kwenye simu iliyojaa. Kabla hamjahama, hesabuni nani mtamwacha nyuma. Kwetu sisi wa kwanza kubaki alikuwa Mwalimu, na bila yeye hatukuwa na sababu ya kuhama.

Kahoot

Kampuni ya Norway, mchezo wake ulifunguliwa kwa umma mwaka 2013, na walimu wengi wanaufahamu. Swali linatokea, wachezaji wanagusa rangi kwenye simu zao, na anayejibu haraka anapata alama zaidi. Uzuri wake ni pale watu walipo chumba kimoja na runinga au projekta ipo: sherehe ya ukoo, mkesha wa mwaka mpya, darasani. Makelele yake ni ya raha.

Kwa marafiki walio mbalimbali haunivutii. Unahitaji kuuchanganya na simu ya video ili watu wasikilizane, na haraka inageuka kuwa mashindano ya mtandao: mwenye intaneti ya nyaya anamshinda mwenye minara miwili ya simu, hata kama huyu wa pili ndiye anayejua. Toleo la bure lina kikomo cha wachezaji. Liangalie kabla hujaalika watu.

Simu ya video

Hapa mnaonana. Mtu aliyeulizwa swali unamwona anavyotazama dari, unamwona anavyokumbuka. Kudanganya ni vigumu kwa sababu macho yakienda pembeni kila mtu anajua. Timu mbili, mwamuzi mmoja, saa moja na nusu, ni burudani kamili.

Gharama yake ndiyo inayoizuia kuwa ya kila wiki. Saa moja ya video inakula bando kuliko mwezi mzima wa maswali ya maandishi. Saa yenyewe lazima ipangwe: saa tatu usiku ya Nairobi na Dar es Salaam ni mchana wa kazi kwa aliye Marekani. Na mtandao ukikatika swali linarudiwa. Mara ya mwisho mwenzetu mmoja alisomewa swali mara tatu, na mara ya tatu watu wa timu nyingine walikuwa wameshalijibu mioyoni mwao. Sisi tunaifanya mara mbili kwa mwaka, 9 Desemba na 12 Desemba, za Tanganyika na za Kenya, ambazo kwa bahati zinafuatana. Hata kuchagua siku hizo kulizaa swali: kwa nini Tanganyika ina uhuru wa 9 Desemba 1961 na jamhuri ya 9 Desemba 1962, na Kenya ina uhuru wa 12 Desemba 1963 na jamhuri ya 12 Desemba 1964? Kila nchi ilikaa mwaka mmoja kamili huku Malkia wa Uingereza akiwa bado mkuu wa nchi. Vijana wawili kwenye simu ile hawakuwa wakilijua hilo kabisa.

Swali lenyewe ni zito kuliko njia

Watu huniambia siku hizi maswali hayana maana, kila mtu ana Google na roboti za kujibu mfukoni. Nakubali kwa swali la aina moja: "tukio fulani lilikuwa mwaka gani?" Hilo limekufa, na halikuwa swali zuri hata lilipokuwa hai. Ila kuna maswali ambayo simu haimpi mtu jibu moja kwa moja.

Mojawapo ni la kupanga. Panga kwa kutangulia: Vasco da Gama kufika Malindi, twiga wa Malindi kupelekwa kwa mfalme wa China, Fort Jesus kuanza kujengwa, Ibn Battuta kufika Kilwa. Anayetaka kuiba itabidi atafute mara nne. Anayefikiri atapata mshangao: Ibn Battuta 1331, twiga 1415, Vasco da Gama 1498, Fort Jesus 1593. Yaani twiga wa Malindi alishafika China zaidi ya miaka themanini kabla Mreno hajaiona Malindi. Ukimwambia mtu miaka minne hiyo moja moja ataisahau. Ukimfanya aipange, akikosea pa twiga, hataisahau tena.

Jingine ni la kuunganisha. Tarehe 5 Februari inaunganisha nini na nini, miaka kumi kamili katikati? Azimio la Arusha lilitangazwa 5 Februari 1967, na CCM ikazaliwa 5 Februari 1977. Au Saba Saba: 7 Julai 1954 ilizaliwa TANU, na 7 Julai 2000 mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa ukaanza kufanya kazi. Haya yanafaa sana kwenye Telegram, kwa kuwa jibu ni moja na maelezo ni mafupi.

La kupanga linafaa maandishi. La "kwa nini" na "ilikuwaje" lipelekeni kwenye sauti kila mara. La picha linafaa WhatsApp, ila ujue mtu anaweza kuitafuta kwa kamera na kukuta maelezo yote chini yake.

Mwamuzi, na visa vitamu visivyo kweli

Hapa nina kilio. Nusu ya "maswali ya historia" yanayozunguka kwenye simu zetu ni visa vilivyopokewa bila kuulizwa. Mfano ninaokutana nao kila mwaka: kwa nini mpaka wa Kenya na Tanzania unapinda pale Kilimanjaro? Jibu linalosambazwa ni kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Kaisari Wilhelm wa Ujerumani, mlima ule kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ni kisa kitamu. Nami nilikisimulia miaka mingi.

Siku moja kijana wa Mombasa akaandika mstari mmoja tu: "Kaka, mpaka huo walikubaliana 1886. Wilhelm huyo alikuwa Kaisari tangu lini?" Nikaenda kutazama. Wilhelm wa Pili alishika ufalme Juni 1888. Mwaka 1886 aliyekuwa kwenye kiti ni babu yake, Wilhelm wa Kwanza. Mstari uliopita kaskazini ya mlima ulichorwa kwenye makubaliano ya Waingereza na Wajerumani waliokuwa wakigawana nchi za watu, kila upande ukiwa na mikataba yake na machifu na pwani yake ya kulinda. Hapakuwa na keki ya siku ya kuzaliwa. Nilirudi kundini nikaandika kwamba nilikuwa nimekosea kwa miaka yote hiyo, na nikafuta alama za waliowahi kupewa kwa jibu lile.

Hilo limewezekana kwa sababu tulikuwa kwenye maandishi, mahali ambapo mtu anaweza kusoma, kwenda kutafuta, na kurudi kesho yake. Kwenye Kahoot kisa cha zawadi kingekuwa kitufe chekundu, watu wangekigusa, wangepewa alama, na uongo ungepata muhuri. Kwa hiyo njia yoyote mtakayochagua, wekeni sharti kwamba anayeuliza awe na kitabu au hati aliyoisoma mwenyewe, na akibanwa aonyeshe picha ya ukurasa. Kwa zile njia za haraka sharti hili ni la lazima zaidi, kwa sababu huko hakuna muda wa mtu kuuliza "tangu lini?"

Kwa hali yenu

Mkiwa kati ya watano na ishirini, mnajuana, mmetawanyika nchi mbalimbali na kuna wazee kati yenu, tegeni kwa sauti kwenye WhatsApp, majibu ya mwaka na jina yaandikwe. Mkiwa wengi, hamjuani, na mnachotaka ni kujipima au kujiandaa kwa mtihani, nendeni Telegram, na msiache yale maelezo mafupi wazi. Kama ni wiki ya kazi nyingi na hakuna mwenye nafasi ya kusikiliza, swali moja la kupanga kwa maandishi, majibu faragha, mwisho saa mbili usiku. Kahoot iacheni kwa siku mtakayokuwa sebule moja. Video iwe kwa siku mbili tatu kubwa za mwaka, kila mtu akiwa ameshaambiwa mapema anunue bando.

Usiku wa kwanza msizidi maswali matatu. Mtegaji wa kwanza awe mzee kuliko wote, na aachwe amalize.

Na sauti hizo zihifadhini nje ya simu. Simu huibiwa, huanguka majini, hubadilishwa, na kumbukumbu ya kundi huenda nayo. Mimi huzituma kwenye barua pepe yangu mwenyewe, kila moja nikiipa jina kwa mwaka, mahali na aliyesema. Ile ya fuvu inaitwa "1898 Kalenga Mwalimu", dakika nne na sekunde sita, na mvua bado inasikika juu ya bati.